Jibu: kupasuliwa uvimbe wa ubongo ukiwa macho, na kwa nini mdogo wako apimwe kwa Kiswahili pia

Mleta mada, umeuliza mawili: kama mdogo wako ataumia akipasuliwa kichwa akiwa macho, na kama huo umeme wanaogusisha kwenye ubongo hautamwachia ububu. Mimi nimelala kwenye meza hiyo, huku Montreal, Kanada, ninakoishi. Ilikuwa glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, upande wa kushoto, usawa wa sikio.

La maumivu ni fupi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na utando unaofunika ubongo, na hivyo hupigwa ganzi. Wakati wa kukata fuvu nilikuwa usingizini kwa dawa, wakaniamsha lilipokuwa limeshafunguliwa. Kilichonitesa ni kiu, na shingo, maana kichwa kimebanwa kwenye chuma, hugeuki hata kidogo.

Umeme sasa. Unaachwa macho ili daktari ajue sehemu zako za lugha ziko wapi, asizikate. Daktari ana kifaa kama kalamu chenye ncha mbili zilizoachana milimita 5 hivi. Mkondo ni wa miliampia chache tu, na anagusa sekunde kama 4 huku wewe unaonyeshwa picha uitaje. Pale palipoguswa panazubaa kwa muda huo, basi. Ukishindwa kutaja, anarudia baadaye, si papo hapo, na mahali pakikuzuia tena na tena anapawekea kikaratasi chenye namba: hapa hapakatwi. Hatari ya kweli ni kifafa. Umeme unaweza kuchokoza degedege pale pale mezani, kwa hiyo kuna waya zinazosoma ubongo muda wote, na maji baridi kama barafu yako tayari ya kuumwagia. Ndiyo, maji baridi, na yanafanya kazi.

Utauliza kwa nini wasitegemee picha za MRI. MRI ile ya kupigwa ukiwa unaongea inaonyesha sehemu zinazoshiriki, haikwambii ni ipi ukiiondoa mtu anapoteza lugha. Na michoro ya vitabuni haitoshi. Mwaka 1989 Ojemann, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Seattle, Marekani, alitoa matokeo ya wagonjwa 117 waliopimwa hivi, ikaonekana sehemu za lugha zinatofautiana sana mtu na mtu. Timu ya madaktari wa San Francisco nayo ilichapisha mwaka 2008 habari za wagonjwa 250. Baada ya miezi 6, kati ya 243 waliokuwa hai, 4 tu ndio walibaki na tatizo la lugha. Ndizo namba zilizonifanya nikubali.

Lakini hasa nataka kukwambia hili: msikubali apimwe kwa Kiingereza peke yake. Tangu 1978 Ojemann yule yule na mwenzake Whitaker walionyesha kwamba kwa anayeongea lugha mbili, kuna sehemu ukizigusa lugha moja inakwama na nyingine inapita. Mtu aliyekulia Tanga kama mimi, mama yake hajui Kiingereza, hiyo si habari ya pembeni.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa Kiingereza unaambiwa useme “this is a” halafu jina la kitu, ili wajue kama kilichogoma ni mdomo au ni neno. Kwa Kiswahili haiwezekani: huu ni mkasi, hiki ni kiti, huyu ni samaki. Huwezi kuanza kabla jina halijakujia. Tukakubaliana na mtaalamu wa usemi nianze na “naona”. Halafu tukapitia picha zote siku za kabla. Kindi nilikuwa nasitasita, igluu, ile nyumba ya barafu, sina jina lake, tukavitupa, kwa sababu ukikosa neno usilolijua watadhani ni umeme. Mkalimani alikuwa Mkenya, ndala kwake ni patipati, ikabidi aandike neno ninalotumia mimi. Tulicheka, lakini jibu sahihi lililoandikwa vibaya lingeweza kuhesabiwa kosa.

Siku yenyewe nilianza kwa kuhesabu. Nikafika kumi na mbili ulimi ukagoma. Kumi na tatu naijua, mdomo ndio hautii. Umeme ukatolewa, nikaendelea. Baadaye ikaja picha ya mkasi. Najua ni cha kukatia, vidole vyangu vinaigiza kukata, nasema “naona... naona...” na jina halipo. Umeme ulipotolewa, sekunde chache neno likaja. Palipoguswa pale pale nikitaja kwa Kiingereza, jina lilitoka bila shida. Pakawekwa namba, na daktari akaacha nafasi ya kama sentimita moja kuzunguka. Kuna kipande cha uvimbe kilibaki kwa sababu hiyo. Nilikuwa nimeshaulizwa kabla, nikachagua kibaki.

Jingine la kuwaandaa nyumbani: akitoka atakuwa na maneno machache kuliko alivyoingia, kwa sababu ubongo huvimba baada ya kupasuliwa. Kwangu yalirudi kidogo kidogo kwa mazoezi. Shemeji zako wasianze kulia mbele yake.

Muulizeni daktari mapema nani atasoma majibu ya Kiswahili chumbani, na nani atayapitia naye kabla. Orodha yangu ya picha na majina ninayo bado. Nitumie ujumbe nikupe, ila muondoe zote ambazo mdogo wako hazitaji haraka.