Usiandike "antique" kwenye lebo za makasha mapya

Ndugu yangu wa Chake Chake, zuia hizo lebo zisichapishwe. Umeeleza kuwa makasha yako ya njumu, yaani yenye mapambo ya madini, yamechongwa mwaka huu, na kwamba "old", "ancient" na "antique" kamusi imeyafasiri yote kuwa "ya kale", hivyo unataka kuchukua lile lenye mvuto zaidi. Hasara yako itaanzia hapa.

"Antique" ni neno la biashara na la forodha. Katika mpangilio wa bidhaa unaofuatwa na forodha za nchi nyingi, kundi hilo ni la vitu vilivyozidi umri wa miaka 100, kwa hiyo mgeni akilisoma haelewi kwamba kasha lina mtindo wa zamani, bali anaelewa kuwa umemhakikishia umri wake. Mimi niliuza kasha jipya lenye lebo hiyo hapa Mji Mkongwe. Mnunuzi alipofika kwao akamwita fundi wa samani, naye akalipindua na kukuta chini yake mistari ya msumeno wa umeme, na mbao za ndani bado nyeupe. Barua iliyonifikia ilinitaja kuwa mdanganyifu, nami nikarejesha bei yote pamoja na gharama ya kulisafirisha. Faida ya msimu mzima ikaishia humo.

Karatasi iliyoniponza niligawiwa kwenye kozi ya Kiingereza, na mwalimu ambaye aliyapanga maneno hayo safu moja akatuambia yana maana moja. Watu walilipia kozi ile kwa fedha za kudunduliza, na inaniuma kwamba nakala zake zingali zinapita mkono kwa mkono madukani.

Usichague neno kwa tafsiri yake. Tazama wenye lugha ya Kiingereza wanalitumia pamoja na nini. Fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza usome mifano: "antique" utaikuta kwenye samani, saa na vito, "ancient" kwenye Misri ya mafarao na magofu ya Roma. Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa 1883, haliitwi "ancient", na hata msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya 1107, wao huuweka katika "medieval", yaani wa zama za kati.

Kwenye lebo zako andika "hand-carved in Pemba", na ukitaka kutaja mtindo, ongeza "traditional Zanzibar chest". Maneno hayo yote ni kweli kwa kasha lililochongwa mwaka huu.