Saa ya kutoka sikukuu

Sikukuu mosi ikifika alasiri, mji wote wa Unguja unateremkia upande mmoja. Watoto wamevaa nguo mpya, mkono wa Idd uko mfukoni, kila mmoja anataka bembea, aiskrimu na urojo. Maisara, Mnazi Mmoja, Kariakoo, Forodhani, kote kumejaa. Miaka yote mimi ndiye ninayewapeleka wanangu na watoto wa dada yangu, na ninachokiogopa zaidi ni saa ya kutoka.

Kuingia, watu huja kidogo kidogo. Kutoka, wote wanataka gari ile ile kwa wakati ule ule, usiku umeshaingia, watoto wamechoka wanalia. Ndipo wahuni wanapopata nafasi. Nimewaona kwa macho yangu vijana wakijifanya wanasukumwa na watu, kumbe wameshikana mabega kusudi, wanawabana wasichana kwenye ukuta. Mmoja wa watoto wa dada yangu alitoka pale mtandio hana, kiatu kimoja. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani ndipo akatueleza kwamba wamemshikashika. Na wapo watu wazima waliotwambia, "Sikukuu hiyo, vijana wanacheza." Hawakucheza. Ule ni udhalilishaji na ni kesi ya polisi, sikukuu au si sikukuu.

Kwa hiyo sisi tunaondoka mapema. Isha hainikuti kiwanjani na watoto wadogo. Siku za sikukuu ni nne, kilichokosekana leo kitapatikana sikukuu pili au tatu, tena wakati huo pamepungua watu.

Wazazi wenzangu, msimkabidhi mtoto wa miaka mitano kwa dada yake wa miaka tisa. Najua ni desturi yetu, nasi tulikwenda hivyo hivyo, lakini watu hawakuwa wengi kiasi hiki. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, mtilie mtoto mfukoni. Chagueni kabla hamjaingia mahali pa kukutania, pasiwe mlangoni, maana mlangoni ndipo panapobanana.

Hili la kubanana tusilichukulie wepesi. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa Tabora ndani ya ukumbi wa disko toto uliojazwa kupita kiasi. Walikwenda kusherehekea kama wanavyokwenda wetu. Seoul, Korea Kusini, Oktoba 2022, walikufa watu zaidi ya 150 kwenye kichochoro, wengi wao vijana. Katika msongamano wa namna hiyo mtu hufa hata akiwa amesimama, kifua kimebanwa pumzi haiingii. Basi ukiona mabega ya watu yanakugusa pande zote, ondoka hapo hapo, usingoje kuona mbele kuna nini. Ukishanaswa, kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usishindane na wimbi la watu, jisogeze kwa mshazari kuelekea pembeni. Mtoto mdogo usimkokote kwa mkono. Mbebe, kichwa chake kiwe juu. Kitu kikianguka kiache, hata kama ni simu.

Baruti nazo zinawatia watu mbio. Ikilipuka moja miguuni mwa watu, wote wanakimbilia upande mmoja. Mwanao akiwa nazo, mnyang'anye nyumbani kabla hajatoka.

Likitokea la kutokea, piga 112 upate polisi. 116 ni ya kusaidia watoto, na haina malipo. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko hapo hapo karibu na viwanja, na ina kituo cha Mkono kwa Mkono kwa waliodhalilishwa. Mpeleke usiku ule ule, nguo usizifue, wala usimuogeshe kwanza.

Na binti usimwambie, "Nilikwambia usivae hivyo." Mtoto wa dada yangu tulikwenda naye tena sikukuu tatu, mchana, yeye katikati yetu, na bembea alipanda.