Je, hofu ni ishara kwamba sikuitwa?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 31 na ninauza dagaa Mwaloni Kirumba. Wazee wa kanisa wameniomba nihamie kisiwa cha Ukara kwa miaka miwili nikasaidie kazi ya uinjilisti, na kusema kweli moyo wangu ulikuwa umekwisha kunisukuma huko kabla hawajaniita. Lakini niliishia darasa la saba, nikisimama mbele ya watu sauti inatetemeka, na tangu kivuko kilipozama karibu na Ukara Septemba 2018 naogopa kuvuka maji. Mama yangu mzee ananitegemea. Je, hofu hii si ishara kwamba Mungu hakuniita mimi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Amina, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na sioni ndani yake mtu asiyeitwa. Naona mtu aliyeisikia sauti na kuichukua kwa uzito.

Musa, alipotumwa kwa Farao, alitoa udhuru mara tano: kwamba yeye si kitu, kwamba halijui jina la anayemtuma, kwamba watu hawatamwamini, kwamba ulimi wake ni mzito, na mwisho akaomba atumwe mwingine. Ukisoma Kutoka sura ya 3 na ya 4 polepole, utaona kwamba katika udhuru wa kwanza Mungu hakubishana naye hata kidogo juu ya uwezo wake, wala hakumwambia kwamba anajidharau bure, bali alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye. Hasira ya Bwana iliwaka pale tu Musa alipotaka mwingine aende, na hata hapo alimpa Haruni awe msemaji wake. Kwa hiyo usiwafiche wazee tatizo la sauti yako: waombe mwenzi wa kwenda naye.

Kuhusu elimu, mkumbuke Petro, mvuvi asiye msomi. Wewe unajua kwamba dagaa hufuata taa wakati wa giza, na kwamba mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Basi utaelewa kuliko wasomi wengi jinsi ilivyokuwa vigumu kwa wavuvi waliokesha bila kupata kitu, na ambao walikuwa wamekwisha kuosha nyavu zao, kuambiwa wazishushe tena. Nimewaona Kirumba vijana waliorudi mikono mitupu, macho mekundu, wakikunja nyavu kimya, na sidhani kama ningethubutu kuwaambia warudi majini. Petro alizishusha kwa neno la Yesu tu, na alipoona wingi wa samaki ndipo hofu ilipomshika akaanguka magotini. Hakufukuzwa kwa sababu ya hofu hiyo. Aliambiwa asiogope, kisha akapewa kazi.

Hofu ya maji siidharau, kwa kuwa wengi wetu tulilia mwaka ule. Ziwa hili halikuwa jepesi kwa waliotutangulia pia: Desemba 1877 wamisionari wawili wa CMS, shirika la umisionari la Kianglikana, waliuawa Ukerewe, na hata hivyo mapema mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki Padri Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi kutoka Kageye, kwenye ufuko huu huu wetu wa kusini, wakavuka hadi Buganda. Siamini kwamba hawakuogopa. Lakini ujasiri wa Kikristo si kumjaribu Mungu, kwa hiyo usipande chombo kilichojaza watu kupita kiasi, vaa jaketi okozi, na ukiona hali ya hewa ni mbaya subiri kesho bila kuona aibu.

Jambo la mama ndilo zito kuliko yote uliyoyataja. Katika Marko sura ya 7 Yesu aliwakemea vikali waliotumia sadaka kama kisingizio cha kuwaacha wazazi wao, na mwito unaokutaka umwache mama yako bila chakula wala mtu wa kumpeleka hospitali ningeutilia shaka mimi mwenyewe. Kanisa linalokutuma linapaswa kusema wazi nani atamtunza.

Basi usijibu miaka miwili leo. Waombe wazee wakupeleke Ukara kwa Jumapili moja, pamoja na mwenzako, ukakae na akina mama wa huko na kuwasomea kifungu kimoja tu, hata kama sauti itatetemeka. Na kabla ya safari hiyo, mama yako asikie habari hizi kutoka kinywani mwako, si kwa majirani.