Swali la lugha: Bodi inatawala mifumo au inaisimamia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandaa sera ya TEHAMA ya taasisi yetu. Rasimu ina sentensi hii: “Bodi itasimamia mifumo ya TEHAMA, na wasimamizi wa mifumo watasimamia utekelezaji.” Mwenzangu mmoja anataka upande wa bodi tuseme “utawala”. Mwingine anakataa, anasema utawala ni kazi ya maafisa utawala. Lipi sahihi? Tena mahali pengine tumeandika “teknolojia ya TEHAMA”. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Nakubaliana na huyo wa kwanza, ingawa wasiwasi wa huyo wa pili una msingi na nitaurudia.

Isome sentensi yenu seva ikiwa imezima saa nane usiku. Nani anaamshwa? Kwa maneno ya rasimu, hata mwenyekiti wa bodi, maana naye “anasimamia mifumo”. Na siku taarifa za wateja zikivuja kwa sababu hakuna aliyeidhinisha fedha za ulinzi, bodi inaweza kujibu kwamba usimamizi ulikuwa wa wasimamizi. Hapo utata wa neno umeshageuka utata wa wajibu, na anayeumia ni mteja.

Kusimamia kunatokana na kusimama: ni kusimama kwa ajili ya jambo fulani. Hakusemi umesimama karibu kiasi gani. Msimamizi wa mtihani haandiki hata jibu moja, kazi yake ni kuangalia. Msimamizi wa mirathi ndiye hasa anayekusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki. Neno ni lile lile, mmoja anatazama, mwingine anatenda.

Wenye fani yao wameuweka mpaka wazi. Kiwango cha kimataifa cha utawala wa TEHAMA, ISO/IEC 38500, kilipotoka mara ya kwanza mwaka 2008, kilikipa chombo cha juu, yaani bodi, kazi tatu: kutathmini, kuelekeza na kufuatilia. COBIT 5, mwongozo mwingine wa utawala na uendeshaji wa TEHAMA, wa mwaka 2012, ukakazia tofauti hiyo na kuiachia menejimenti kupanga, kujenga, kuendesha na kufuatilia. Utaona kufuatilia kumo pande zote mbili, kwa hiyo msikiache kitenzi hicho peke yake. Bodi inafuatilia kama malengo yanafikiwa. Menejimenti inafuatilia jinsi kazi inavyokwenda.

Kazi hizo tatu za bodi ndizo ningeziita utawala. Tunaposema utawala bora au utawala wa sheria, tunazungumzia jinsi maamuzi yanavyofikiwa na jinsi walioamua wanavyowajibishwa, na hilo ndilo linalotakiwa hapa. Uongozi haufai, kwa kuwa unamtaja zaidi anayeongoza kuliko utaratibu wenyewe.

Sasa huyo wa pili. Ni kweli, katika “idara ya utawala” neno hili ni shughuli za kila siku za ofisi. Kwenye TEHAMA mkanganyiko unazidi, kwani wapo wanaoandika “utawala wa seva” wakimaanisha kufungua akaunti za watumiaji, kubadilisha nywila na kutunza nakala rudufu. Huo ni uendeshaji. Katika sera yenu andikeni uendeshaji wa seva, na utawala iachieni bodi peke yake, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fafanueni maneno hayo mwanzoni kabisa. Cheo cha msimamizi wa mfumo kibaki kilivyo, watu wameshakizoea.

Ningeiandika hivi: “Bodi itawajibika kwa utawala wa TEHAMA: itatathmini mahitaji, itatoa mwelekeo na kufuatilia matokeo. Menejimenti itasimamia mipango, bajeti na miradi ya TEHAMA. Wasimamizi wa mifumo wataendesha mifumo kila siku.” Seva ikizima usiku, sentensi ya tatu inataja wa kuamshwa. Fedha za ulinzi zikikosekana kwenye bajeti, ya pili inamtaja wa kuulizwa. Na kama bodi haikuwahi hata kuuliza habari za ulinzi, ya kwanza inaibana.

Kuhusu “teknolojia ya TEHAMA”, futeni neno la kwanza. TEHAMA ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, kwa hiyo teknolojia imo tayari. Na upatanisho wake ni wa umoja: TEHAMA inatumika, wala si zinatumika.