Tunda liacheni mtini, tazameni tawi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu wa Nairobi aliyetoka matembezini upande wa Ngong au Machakos, akakuta mti wenye matunda asiyoyajua, afanye nini kwanza? Asionje. Avute tawi.

Chukueni mtandamboo, ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa. Vitunda vyake vyeusi vyenye uzambarau ni vitamu na huliwa sana mashambani. Sasa kuna mti wa sumu ya mishale, olmorijoi kwa Wamaasai, nao huzaa vitunda vya rangi hiyohiyo. Hiyo miwili ni ya ukoo mmoja: majani hukaa mawili mawili yakitazamana, ukiyavunja hutoka utomvu mweupe, na maua ni meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri. Kinachoitenga ni miiba. Mtandamboo unayo, imenyooka na ni mikali. Olmorijoi hauna hata mmoja. Wapo wanaolila tunda la olmorijoi likiiva kabisa, lakini likiwa bichi ni sumu, na mgeni hawezi kupima kuiva huko kwa jicho. Sumu yenyewe hushika moyo, hivyo ule ushauri wa kuonja kidogo na kusikilizia ni wa hatari. Ndege na tumbili nao si mashahidi. Hula mengi yanayomdhuru binadamu.

Kwa hiyo kagueni majani yanatazamana au yanapishana, kikonyo kimoja kina jani moja au vijani kadhaa, kuna utomvu, kuna miiba. Kisha kateni tunda katikati mhesabu kokwa, na mnawe mikono.

Mkitaka jina la uhakika, pelekeni sampuli kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Kateni tawi la kama sentimita 30 lenye majani na matunda, na maua yakiwepo. Msichukue chipukizi za kwenye kisiki, kwani majani yake mara nyingi hayafanani na ya mti mzima. Litandazeni ndani ya gazeti, jani moja mligeuze ili upande wa chini uonekane, wekeni uzito juu, na mbadilishe gazeti kila siku hadi tawi likauke. Tunda nene lipasueni, la sivyo litaoza na kuchafua karatasi. Mfuko wa plastiki ndio unaoharibu sampuli nyingi: majani hutoa jasho, huwa meusi, hudondoka. Andikeni palepale mahali, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua na jina wanalolitumia wenyeji, maana ua likikauka rangi hupotea.

Katika mbuga na misitu ya serikali msikate kitu bila kibali. Huko pigeni picha: mti mzima, gome, tawi juu na chini, na tunda lililoanguka, likiwa na sarafu kando yake kuonyesha ukubwa.

Msomaji, Nairobi