Mnaoanza kusoma visukuku vya mamalia, anzeni na meno

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii fani ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye miamba, najua wengi mmevutwa na mamothi na mafuvu makubwa, hata mimi nilianza hivohivo, ila ukitaka kuelewa mamalia wametokea wapi na kwa nini wengine walitoweka, jifunze meno. Jino lina enameli, lile gamba lake la nje, ngumu kuliko mfupa, ndo maana linabaki wakati vingine vyote vishaoza, na kuna mamalia kibao wa zama za dinosaria tunawajua kwa meno tu. Tena jino lenyewe milimita moja au mbili, hulioni kwa kutembeatembea, unabeba magunia ya udongo, unaosha kwenye chekeche, unakausha, halafu unakaa na hadubini wiki nzima unachambua punje kwa punje kama mtu anayechambua mchele. Hapo ndo wengi wanakata tamaa na hapo ndo data ilipo, maana fuvu moja linakupa habari za mnyama mmoja, meno mia tatu yanakupa nani walikuwepo, nani walikuwa wengi, na nani hayupo tena kwenye tabaka la mwamba la juu yake, yaani la baadaye zaidi.

Hilo neno "hayupo" liogopeni sana. Kwenye kazi yangu ya kwanza niliandika kwamba spishi fulani ilitoweka kabla ya kile kimondo kilichoangamiza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, msimamizi wangu akaniuliza kitu kimoja tu, tabaka la juu umeosha magunia mangapi? Mawili. Na la chini? Arobaini. Wataalamu wa visukuku Signor na Lipps walishalieleza hili tangu 1982, kisukuku cha mwisho ulichookota sio mnyama wa mwisho aliyeishi, na mnyama akiwa adimu ndo anaonekana kapotea mapema zaidi. Kwa hiyo andika idadi ya magunia yote, hata yaliyotoka patupu.

Na msishike ile ya kwamba dinosaria walikufa mamalia wakapona, mamalia wengi nao walikwisha palepale, hasa jamaa wa karibu wa wanyama wenye mifuko kama kangaruu, walipigwa vibaya mno.

Lebo andika siku hiyohiyo, mahali na tabaka, bila hivyo kisukuku hakiingii kwenye hesabu yoyote. Takwimu na kusoma picha za CT, zile za eksirei zinazoonyesha ndani ya kisukuku, jifunze mapema. Halafu kabla hujagusa chochote cha kale, omba makumbusho wakufungulie droo za wanyama wa leo, panya, popo, nguruwe, shika mataya yao, chora kila gego kwa mkono mpaka ulijue bila kuangalia lebo.