Usimlipe huyo jamaa wa "makatakombe ya katikati ya Roma"

Mkuu, simamisha hayo malipo leo hii. Umeuliza hoteli, baridi ya Novemba, na kama ni sawa kumlipa jamaa anayeahidi kuwapeleka wazazi wako kwa miguu kwenye "makatakombe ya katikati ya mji yenye mifupa ya watakatifu", yaani makaburi ya kale ya Wakristo yaliyochimbwa chini ya ardhi. Nakujibu hilo la mwisho tu, maana hapo ndipo utakapopigwa.

Makatakombe ya Roma wanayoingia mahujaji yote yako nje ya ukuta wa zamani. Sheria ya Warumi ilikataza kuzika maiti ndani ya mji, hivyo watu walichimba kandokando ya barabara zinazotoka: Via Appia, Via Ardeatina, Via Salaria, Via Nomentana. Huko chini kuna tufo, jiwe la volkano lililo laini kuchimba, kisha likipigwa na hewa linakuwa gumu. Sasa huyo wa katikati ya mji anakupeleka wapi?

Nitakwambia, maana alitupeleka wa aina hiyohiyo. Mama yangu ameimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Mtakatifu Sesilia tangu hajaolewa. Hija nzima kwake ilikuwa kufika San Callisto, katakombe la Via Appia alipozikwa Sesilia, shahidi na msimamizi wa waimbaji. Nje ya stesheni ya Termini akatudaka kijana mwenye kitambulisho shingoni, maneno matamu, hela taslimu, hakuna risiti. Tukatembea mpaka Via Veneto, kwenye kanisa la watawa Wakapuchini. Chini yake kuna vyumba vilivyopambwa kwa mifupa ya mabruda wapatao 3,700: mafuvu yamepangwa ukutani, taa zimetengenezwa kwa pingili za uti wa mgongo, mifupa mizima imevishwa kanzu za kahawia. Ni mahali pa heshima, sina neno napo, lakini ni pa karne ya 17. Mama akaniuliza, "Mwanangu, Sesilia yuko chumba gani?" Nikageuka nimuulize yule kijana, kumbe kashayeyuka. Mtu anayemuuzia mama mzee kaburi ambalo silo, kisha anakimbia, mimi sina jina la kumwita hapa jukwaani bila kufungiwa.

Kesho yake tukachukua teksi hadi Via Appia. Geti limefungwa. Ilikuwa Jumatano, na San Callisto hufungwa kila Jumatano. Tuliingia San Sebastiano hapo jirani, ambako mahujaji wa kale walikwaruza ukutani majina ya Petro na Paulo wakiwaomba wawaombee. Mama alisali vizuri tu. Ila ndege yetu ilikuwa alfajiri, na Sesilia hakumwona.

Mimi nilirudi Roma baadaye kikazi, nikashuka San Callisto. Mwili wake haupo tena. Papa Paskali I aliuhamishia kanisani kwake Trastevere, mtaa wa Roma, mwaka 821. Masalia mengi ya watakatifu yalipelekwa makanisani zama hizo, kwa hiyo anayekuahidi mifupa yao huko chini anakudanganya mara ya pili. Lakini pale alipolazwa kuna nakala ya sanamu ya Sesilia ya mchongaji Maderno ya mwaka 1600: binti amelala ubavu, uso kaugeuzia chini, shingoni alama ya upanga, amenyoosha vidole vitatu mkono mmoja na kimoja mkono wa pili. Jirani ni chumba walichozikwa mapapa wa karne ya 3. Nilisimama pale namuwaza mama tu.

Tiketi kata palepale getini au kwenye tovuti yao wenyewe, na mwongozaji yumo kwenye bei. Wanaotunza San Callisto ni Wasalesiani, hawahawa wa Don Bosco tunaowajua nyumbani. Wazazi wabebe sweta hata jua likiwaka, chini kuna ubaridi na ngazi.

Huyo jamaa mtumie ujumbe sasa hivi, akutajie jina la katakombe na barabara lilipo. Akisema Via Veneto, au akizungukazunguka, usimtumie hata senti.